Ufa, Pengo au Mwanya? Kazi ya Mtafiti katika Riwaya ya L'Écart ya V. Y. Mudimbe

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa, na msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili ana haki ya kuuliza kimeingiaje humu. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwandishi wake, Valentin-Yves Mudimbe, alizaliwa Likasi mwaka 1941 na alifundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Riwaya yake L'Écart, iliyotolewa na Présence Africaine mjini Paris mwaka 1979, ni kazi ya mtu aliyepita katika kumbi hizihizi tunazopita sisi. Sababu ya pili ni kwamba riwaya hii ni miongoni mwa chache katika fasihi ya nchi yetu zinazomfanya mtafiti wa chuo kikuu, pamoja na tasnifu yake isiyokwisha, kuwa kiini cha hadithi.

Tangu Mudimbe alipofariki nchini Marekani mwezi Aprili 2025, tumesikia sana sifa za mwanafalsafa. Katika kurasa hizi tunapenda kumrudia mtunzi wa riwaya. Wahakiki wengi wameisoma L'Écart kama tanzia ya Mwafrika aliyepasuliwa nafsi na elimu ya kigeni. Usomaji huo una ushahidi wake na hatukusudii kuubomoa. Hata hivyo, unamwacha kando mtu anayeamka asubuhi, anayekwenda maktabani na kurudi jioni bila ukurasa mpya. Lengo letu ni kuisoma riwaya kama kitabu kinachohusu kazi: kazi ya kukusanya, kusoma, kupanga na kuandika. Swali letu ni moja: kwa nini Ahmed Nara hamalizi? Swali hili lina uzito kwa kila asistanti mwenye sanduku la fishi chini ya kitanda na sura ya kwanza ambayo bado haijaandikwa.

2. Jina la riwaya na maneno matatu ya Kiswahili

Neno écart ni gumu kulitafsiri. Katika Kifaransa cha kila siku hutaja umbali uliopo kati ya vitu viwili. Hutaja pia hatua ya kando, yaani kuiacha njia. Sisi tuliosoma isimu tunalijua vilevile kama istilahi ya ukiushi, tofauti iliyopo baina ya usemi fulani na kaida ya lugha. Marjolijn de Jager, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993, alichagua neno lenye maana ya mpasuko. Atakayeitafsiri kwa Kiswahili atalazimika kuchagua pia, na chaguo lake litakuwa tayari ni uhakiki.

Kiswahili kinampa mfasiri huyo maneno matatu yaliyo jirani. Ufa ni mpasuko wa kitu kilichokuwa kizima. Huo ndio unaotishia ukuta, na methali inatukumbusha kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Pengo ni nafasi iliyoachwa na kitu kilichong'oka. Mwenye pengo amepoteza jino. Mwanya nao ni nafasi, lakini ni nafasi ya maumbile. Huota pamoja na meno, hauna jeraha nyuma yake, na katika mazungumzo ya watu wetu huhesabiwa kuwa ni uzuri. Anayetazama kwa mbali aweza kuuchanganya mwanya na pengo. Ili kuyatenganisha hana budi kukijua kinywa chenyewe na historia yake.

Maneno haya matatu yatatuongoza. Hoja yetu ni kwamba Nara anakutana na umbali wa aina tatu na kuuita wote ufa. Kati yake na Wakuba anaowachunguza upo ufa wa kweli, uliopasuliwa na ukoloni pamoja na shule zake. Lipo pengo pia, kwa maana yapo mambo yaliyopotea pamoja na wazee waliokufa, nayo hayarudi. Lakini sehemu kubwa ya umbali huo ni mwanya tu, yaani nafasi iliyopo baina ya mtafiti yeyote na watu wowote anaotaka kuwaelewa. Ufa huzibwa, pengo hukubaliwa, mwanya hutumiwa. Nara anataka kuziba vyote vitatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

3. Nara na fishi zake

Riwaya inafunguliwa kwa taarifa: Nara amekufa, na maandishi yake ya faragha yanakabidhiwa wasomaji. Yanayofuata ni madaftari yake mwenyewe. Humo tunamkuta kijana Mwafrika, mwanahistoria, anayetayarisha tasnifu juu ya Wakuba, wenyeji wa ule ufalme mashuhuri wa Kasai. Anasoma, anajaza fishi, anabishana na rafiki zake Salim na Soum. Anapendana na Aminata, anamkumbuka Isabelle wa siku za Paris, na anakwenda kumwona tabibu wa nafsi, Daktari Sano. Mwisho wake tumekwisha kuambiwa tangu mwanzo, kwa hiyo mvuto wa kitabu hautokani na kungojea jambo litokee. Unatokana na kutazama jinsi kazi inavyokwama siku hata siku.

Yafaa kusema wazi kwamba mradi wake wa kitaaluma ni wa haki. Nara anawasoma waliotangulia kuandika juu ya Wakuba, na anaona jinsi maneno yao yanavyotoa hukumu kabla ya ushahidi kufika. Tukumbuke hali ilivyokuwa nje ya riwaya. Emil Torday aliwafikia Wakuba mwaka 1908 katika safari ya kukusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la London, na kitabu alichokitoa pamoja na T. A. Joyce mwaka 1910 kikawa nguzo ya mengi yaliyoandikwa baadaye. Mwanahistoria Mwafrika anayekuja nyuma yao hakuti kiwanja kitupu. Anakuta nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye vyumba vilivyopewa majina na wageni, na anaombwa apange vitu vyake ndani. Nara anakataa. Anataka kurudi kwenye sifuri na kuijenga upya dunia ya watu hawa tangu msingi hadi paa.

Tamko hilo linapendeza, lakini kama mpango wa kazi lina hatari. Anayetaka kuanza kwenye sifuri sharti kwanza aondoe vyote vilivyopo, na kuondoa hakuna mwisho, kwa kuwa zana za kuondolea nazo zimetoka katika nyumba ileile: lugha ya Kifaransa, umbo la tasnifu, hata fishi yenyewe. Nara analijua jambo hili. Kadiri anavyozidi kulijua ndivyo anavyozidi kuwa makini, na kadiri anavyozidi kuwa makini ndivyo anavyopunguza kuandika. Hapa Mudimbe ni fundi wa kweli. Anatuonyesha jinsi akili inavyoweza kugeuka kuwa kizuizi, pale kila sentensi inapoonekana na makosa yake yote kabla haijaifikia karatasi. Asistanti aliyewahi kukaa mwezi mzima juu ya utangulizi wa kurasa tano atalitambua jambo hili bila ya kuelezwa.

Kizuizi cha pili ni upweke, na ni upweke wa namna ya pekee, maana Nara hakosi watu. Soum, mfuasi wa fikra za Marx, anaipima kazi yake kwa mizani ya mapinduzi. Sano anamsikiliza kama mgonjwa. Aminata anamtaka kama mwanamume. Kila mmoja ana dai lake, na madai mengine ni ya haki, lakini hakuna anayeichukua sura iliyoandikwa na kuisoma kama kazi. Hakuna anayemwambia kwamba ushahidi wa ukurasa wa tatu hautoshi, au kwamba aya ya mwisho ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza. Msimamizi wa tasnifu hana sauti katika madaftari hayo. Mtafiti kijana anaweza kuishi bila sifa kwa miaka mingi, lakini bila msomaji wa namna hiyo hudhoofika.

Kizuizi cha tatu ni kikubwa zaidi. Katika usomaji wetu, Wakuba wanamfikia Nara kwa njia ya vitabu na fishi. Anawatetea bila kuketi mbele yao. Lugha yao, Kibushong, haionekani kuwa chombo cha kazi yake. Uchungu wake wote unahusu maneno ya Kifaransa yaliyowataja vibaya. Tukiwa wanaisimu hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Anayetaka kuwatoa watu katika maneno ya wengine, njia iliyo wazi kabisa ni kujifunza maneno yao wenyewe.

Je, udhaifu huo ni wa Nara au ni wa mtunzi? Tunaamini kwamba Mudimbe, mtu wa taaluma ya lugha aliyepata udaktari wake Louvain mwaka 1970, aliuona vizuri. Lakini riwaya yote imefungiwa ndani ya sauti ya Nara, na sauti hiyo ni nzuri mno. Ni vigumu kwa msomaji kupata mahali pa kusimama nje yake ili aone kwamba mtu huyu mwenye ufasaha mkubwa hafanyi kazi aliyojipa. Kwa hiyo ni rahisi kwa msomaji kijana kumhusudu Nara, kuyaona mateso yake kuwa ni alama ya kina cha fikra, na kutoka katika kitabu akiwa na fahari juu ya tasnifu yake isiyokwisha. Hii tunaihesabu kuwa kasoro ya riwaya, si ya wasomaji wake.

Mahali pamoja tu, napo ni padogo, kitabu kinatupa njia ya kutoka. Ni ile taarifa ya mwanzo. Ili madaftari yatufikie, ilibidi mtu ayapokee, ayasome, ayaone yana thamani, na ayatoe hadharani yakiwa na upungufu wake. Hiyo ni kazi ya mwenzake. Tasnifu iliyongojewa na mtu mmoja akiwa peke yake haikuandikwa, bali maandishi yaliyopita katika mikono ya mwingine tunayo. Umbo la riwaya linamjibu shujaa wake kwa upole, naye hayupo tena kusikia.

4. Mtafiti mwingine wa Wakuba

Mwaka mmoja kabla ya riwaya hii, yaani mwaka 1978, kilitoka kitabu The Children of Woot, historia ya Wakuba iliyoandikwa na Jan Vansina. Kumlinganisha mtu wa kubuni na mtu wa kweli kuna hatari zake. Hata hivyo somo lao ni moja, na Vansina mwenyewe alisimulia maisha yake ya utafiti katika Living with Africa, kitabu cha mwaka 1994. Ulinganisho huu utatusaidia kujua ni kipi katika kushindwa kwa Nara kilichotokana na nafsi yake, na ni kipi kilichotokana na hali.

Vansina alizaliwa Antwerp mwaka 1929, akasoma historia ya Ulaya ya zama za kati. Mwaka 1952 aliajiriwa na IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati iliyokuwa chini ya utawala wa Kibelgiji, akapelekwa kwa Wakuba akiwa na umri wa miaka 23. Umbali uliokuwa baina yake na wenyeji ulimzidi Nara mara nyingi: rangi, lugha, dini, na cheo cha mtu wa taifa linalotawala. Hakuuziba. Alijifunza Kibushong, akasikiliza, na siku moja akatambua kwamba matini za kihistoria alizokuwa akizisikia zingeweza kuchunguzwa kwa kanuni zilezile alizozitumia kwa mashairi ya maombolezo ya Ulaya ya kale. Ugeni wake ulimpa swali ambalo mwenyeji asingekuwa na sababu ya kuliuliza. Huu ndio mfano wa mwanya unaotumiwa.

Yafaa kuzingatia pia mwendo wa kazi yake. Tasnifu aliyoitetea mwaka 1957 ilichapishwa mwaka 1961 kwa jina la De la tradition orale, wakati ambapo wanahistoria wengi hawakukubali kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi. Mwaka 1964 alitoa Le royaume kuba. Baada ya miaka 14 alilirudia somo lilelile katika kitabu cha 1978, akisahihisha aliyoyasema na kuongeza ushahidi wa msamiati. Mwaka 2010, miaka saba kabla ya kufariki kwake, alitoa Being Colonized, kilichotumia pia kumbukumbu zilizokusanywa katika miaka ya 1950 pamoja na vijana wa Kikuba waliojua kusoma na kuandika. Fishi zilingojea zaidi ya nusu karne, lakini hazikungojea kimya, maana kila mara kilitoka kitabu chenye upungufu na kingine cha kukisahihisha. Nara hakujipa ruhusa ya kuandika kitabu chenye upungufu.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunamlaumu mmoja na kumsifu mwingine. La kusisitizwa ni hili: Vansina alilipwa. Alikuwa na taasisi nyuma yake, muda wa miaka, na mahali pa kurudia. Mlango wa kijiji ulifunguka mbele yake kwa sababu nyingi, na moja kati ya hizo ni kwamba nchi ilikuwa koloni la watu wake. Tukisifu subira yake, tusisahau kwamba subira ya mtafiti hugharimiwa na mtu fulani. Ndiyo maana tunasema kwamba sehemu ya kushindwa kwa Nara, ile ya kungojea ukamilifu, ni ya kwake mwenyewe, na kwamba sehemu nyingine ni ya jamii inayomtaka mtafiti bila kumpa mahali pa kutafitia.

5. Jibu la Mudimbe mwenyewe

Mudimbe aliishi baada ya Nara, na vitabu vyake vya baadaye vyaweza kusomwa kama jibu. Mwaka 1980, alipoteuliwa kuingia katika Kamati Kuu ya chama cha MPR, aliondoka nchini na kwenda kufundisha Marekani. Mwaka 1988 alitoa The Invention of Africa. Humo aliita maktaba ya kikoloni ile jumla ya maandishi ya wamisionari, wasafiri, watawala na wanaanthropolojia waliyoyaandika juu ya Afrika. Nara alitaka kuitoka maktaba hiyo ili aanze kazi. Mudimbe aliingia ndani yake, akaisoma rafu baada ya rafu, na usomaji huo ukawa ndio kazi yenyewe. Kile ambacho kwa Nara kilikuwa ni kizuizi cha tasnifu, kwa muumba wake kiligeuka kuwa mada.

Hili ni funzo kubwa la ufundi. Mara nyingi jambo linalotuzuia kuandika ndilo linalofaa kuandikwa. Anayelalamika kwamba hana kamusi ya lahaja ya Kiswahili anayoichunguza amekwisha kupata kazi ya miaka kumi.

Lakini tusiifiche bei. Jibu la Mudimbe liliandikwa ughaibuni, kwa Kiingereza, katika vyuo vyenye maktaba zilizojaa. Tafsiri yake ya Kifaransa ilitoka mwaka 2021, yaani miaka 33 baadaye. Katika muda huo wote, mwanafunzi wa Lubumbashi asiyesoma Kiingereza aliweza kumjua Nara aliyeshindwa, lakini hakuweza kukisoma kitabu cha yule aliyefaulu. Hapo upo ufa mwingine ambao riwaya haikuutabiri: mtafiti anaokoka, na utafiti wake unawafikia wa kwao ukiwa umechelewa kwa kizazi kizima.

6. Sisi tunaobaki

Tumepata njia mbili: taasisi yenye fedha, na safari. Kwa walio wengi kati ya wasomaji wa jarida hili, njia ya kwanza haipo na ya pili ni nyembamba. Asistanti wetu anafundisha kazi za vitendo za makundi makubwa na kusahihisha karatasi usiku. Ananunua muda wa intaneti kutoka katika mshahara ambao hauna uhakika wa kufika, na anatakiwa kuchapisha makala ndipo apande kuwa mkuu wa kazi. Kumwambia mtu huyu asome Nara na kusikitika naye ni kumwongezea mzigo. Je, ipo njia ya tatu?

Mfano wa kwanza unatoka nje ya chuo kikuu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani za Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Elisabethville. Aliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakuwa na shahada wala fishi, na uandishi wake haukufuata kanuni za kuyatenga maneno. Hakuisafisha kwanza maktaba ya kikoloni. Aliandika yale ambayo wenzake waliyaishi, na matini yake leo ni hati isiyokwepeka kwa yeyote anayechunguza Kiswahili cha Katanga.

Matini hiyo ilitolewa Amsterdam mwaka 1990 na Johannes Fabian, aliyepata kufundisha Lubumbashi, kwa jina la History from Below. Ili kuielewa ilibidi isomwe kwa sauti na mtu wa lugha hiyo, na mtu huyo alikuwa Kalundi Mango. Jina lake liko katika ukurasa wa jina la kitabu, chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya msaada, na Walter Schicho ametajwa kwa maelezo yake ya kiisimu. Kutajwa huko ni heshima ambayo wasaidizi wengi wa utafiti barani hawakuipata. Hata hivyo tunauliza: kama bila sauti ya msomaji huyo herufi za Yav zisingekuwa maneno, je, tendo lake ni la kusaidia tu, au ni nusu ya ufafanuzi wenyewe? Swali hili halimlengi mtu. Linalenga desturi ya taaluma yetu, ambamo asistanti hujifunza mapema kwamba masikio yake yana thamani na jina lake lina nafasi ndogo.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba desturi hiyo yaweza kubadilika. Mwaka 2014 shirika la Karthala la Paris lilitoa kitabu Le swahili de Lubumbashi, chenye sarufi, matini na msamiati. Waandishi wake ni watatu, Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, na wote watatu wametajwa kama waandishi. Si lazima tukubaliane na kila uchambuzi uliomo ili tuone kwamba kitabu hiki kinafanya lile ambalo Nara hakulifanya. Kinaanza na watu wanaosema, kinaandika wanavyosema, na kimefanywa na watu zaidi ya mmoja.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba L'Écart ni riwaya kubwa juu ya kushindwa kufanya kazi, na kwamba ukubwa wake una hatari, maana unaupamba ugonjwa inaouchunguza. Nara yuko sahihi katika kuwashuku waliomtangulia. Anakosea anapoigeuza shaka hiyo kuwa sharti la kuanza, na anapoubeba mzigo huo peke yake, mbali na wale anaotaka kuwatetea. Zaidi ya hayo amewekwa mahali ambapo hakuna aliyelipwa ili amsaidie, na hilo si kosa lake.

Tukirudi kwenye maneno yetu matatu, mfasiri wa Kiswahili angefanya vyema kutochagua haraka. Ufa wa Nara ni wa kweli, na unahitaji taasisi za kuuziba: maktaba zilizo wazi, majarida yanayotoka kwa wakati, msimamizi anayesoma, mshahara unaofika. Kwa haya tusichoke kudai, na tusiyageuze kuwa suala la moyo wa mtafiti mmojammoja. Pengo lake halitajazwa. Wazee waliokwisha kuondoka wameondoka na yao, na tasnifu inayokiri hivyo ni tasnifu ya kweli. Uliobaki ni mwanya, nao haungoji mtu yeyote autoe ruhusa. Asistanti wa Kiswahili anayekaa Kenya, Katuba au Kamalondo anazungukwa kutwa na watu wanaosema lugha anayoichunguza, na bado yeye si wao, kwa kuwa amekwenda shule na ameshika kalamu. Umbali huo mdogo ndio mtaji wake.

Kwa hiyo shauri letu kwa wenzetu wa ngazi hii ni dogo, nalo linatokana na ile taarifa ya mwanzo wa riwaya. Ukurasa ulioandikwa wiki hii, hata ukiwa na kasoro, upewe mwenzako ausome kabla ya wiki ijayo kwisha, nawe uusome wake. Madaftari ya Nara yalipata msomaji baada ya kifo chake. Yetu yasingoje hivyo.